Mikalitusi ya Baba

Tuliporudi kutoka Zaire, tuliyoiita Kongo, hatukuiona nyumba yetu. Baba alisimama kando ya njia akasema ni hapa, na hapo palikuwa na kichaka kilichompita kimo, mimea itambaayo imekisuka hata kuku asingepenya. Mama hakubishana naye. Alichukua panga akaingia akifyeka, na baada ya muda tukamsikia akituita. Alikuwa amelipata jiwe lake la kusagia mtama. Kutoka kwenye jiwe lile tukaanza kupima kwa hatua: hapa jiko, pale mlango, kule zizi la mbuzi. Mabati yalikwisha kuchukuliwa zamani, na kuta za matofali mabichi zilikuwa zimerudi kuwa udongo.

Tulikuwa tumekimbia mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka. Karibu kila nyumba ya kwetu Koboko ilikuwa na ndugu jeshini, na kila mwenye ndugu jeshini aliogopa kulipiziwa kisasi. Baba alikuwa sajenti, dereva wa malori. Alifika nyumbani kwa miguu, bila lori na bila kofia, akatuambia tufunge mizigo. Mpaka hauko mbali na Koboko. Mtu akitoka asubuhi anakula chakula cha mchana upande wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilibeba sufuria tatu zilizoingiana. Tulidhani tutakaa wiki mbili. Tukakaa miaka zaidi ya sita, tukilima mashamba ya watu na kukata miti yao, kwa sababu mkimbizi hupika kama mtu mwingine yeyote na hana mti wake.

Baada ya jiwe, mama alitaka kuona chemchemi. Ilikuwa bondeni, chini kidogo ya nyumba, na zamani njia yake ilikuwa nyeupe kwa nyayo. Sasa hapakuwa na njia. Tulishuka tukifuata sauti ya maji, baba mbele na panga, sisi nyuma tukijikinga miiba. Bonde lilikuwa limejaa. Mivule niliyoiacha mikubwa sasa ilikuwa na vigogo ambavyo watu wawili wasingeweza kuvikumbatia, mikindu ilisimama majini, na tumbili walitupigia kelele kama wenye nyumba wanaopigia kelele wezi. Maji yalitoka chini ya mizizi ya mkuyu mkubwa, palepale tulipoyaacha, ila mengi kuliko nilivyokumbuka. Miaka yote ile hapakuwa na mtu wa kukata kuni, wala wa kuchoma majani, wala wa kulisha mbuzi. Mama alikunywa hadi tumbo likamuuma. Baba akasema twende, hapa pana nyoka.

Naieleza hali ile kwa sababu watu wengi wa umri wa wanangu hawaiamini. Wanadhani Koboko ilikuwa kavu tangu mwanzo.

Baba hakuwa na kazi. Jeshi lake lilikuwa limekwisha, na lori alilolijua hadi sauti ya kila nati lilibaki barabarani, hatujui wapi. Alilima mihogo na mtama kama wengine, lakini hakuupenda ukulima usiokuwa na amri. Kisha akaja mwelekezaji wa tumbaku. Alikuwa kijana mwenye pikipiki na daftari, akawakusanya wanaume akawaeleza: mbegu utapewa, mbolea utapewa, kitalu utakifanya wiki fulani, utapandikiza wiki fulani, majani yatachambuliwa kwa daraja. Baba alirudi nyumbani amebadilika uso. Hiyo ilikuwa kazi aliyoielewa. Msimu wa kwanza alisimamia mistari ya tumbaku kama anayekagua gwaride, na sisi watoto tulipita kati ya miche kwa uangalifu ule ule.

Tumbaku haiuzwi mbichi. Majani hufungwa kwenye vijiti, yakaning'inizwa ndani ya nyumba ndefu ya udongo isiyo na dirisha, inayoitwa bani, na chini yake hupita bomba la moto. Moto hauzimwi kwa siku sita au saba. Ukizimika, majani yanaoza, ukizidi, yanaungua. Baba alijenga bani lake juu ya mteremko, mahali linapoonekana kutoka barabarani, na akalisiliba vizuri kuliko nyumba yetu ya kulala. Gogo ambalo lingemtosha mama kupikia mwezi mzima, bani lililimeza kabla ya adhuhuri.

Mwanzoni kuni hazikuwa tatizo. Kila aliyerudi alikuwa anafyeka kiwanja chake, na vichaka vya miaka sita vilikuwa vingi. Tulikata vya kwetu, tukakata vya majirani waliotuomba tuwasaidie. Baada ya mavuno yale baba alinunua mabati, halafu akaniita.

"Utakwenda shule Arua," akasema. "Shule ya bweni, Mvara. Umri umekwenda, lakini utakaa na watoto wadogo usione haya."

Nilikwenda. Sikuona haya, au niliona kidogo. Nilisoma kwa moshi wa bani lile, na sijawahi kulisema jambo hili vinginevyo.

Kwa kuwa sikuwepo nyumbani, niliona vizuri kuliko waliokuwepo. Anayekaa na mtoto haoni anavyokua. Mimi nilirudi kila likizo juu ya lori la mizigo, na kila likizo bonde lilikuwa na kitu pungufu. Mara ya kwanza mteremko wote ulikuwa umebaki visiki. Mara ya pili mikindu haikuwepo. Ilikatwa kwa ajili ya paa la bani la pili, kwa sababu baba sasa alikuwa na mabani mawili. Tumbili walikuwa wamehama, na mama alifurahi kwa sababu ya mahindi yake. Mara ya tatu nilikuta mvule mmoja umelala, na watu wawili wa msumeno wakiupasua.

Wala haikuwa kwetu tu. Arua mjini wasichana wa bweni tulipanga foleni kwenye bomba moja, na wapishi wetu walinunua kuni zilizoletwa kwa baiskeli kutoka mbali. Wenzangu waliotoka Aroi walisema kwao watu wanapikia mashina ya mihogo. Kwenye barabara ya Vurra malori yaliingia kutoka Kongo yamejaa mbao na magunia ya mkaa, na tulipokuwa tukiyapita kwenda kanisani au msikitini hakuna aliyeshangaa. Mkaa ulitoka Kongo kama chumvi inavyotoka dukani. Nani angeuliza ilikotoka chumvi?

Siku ile ya mvule mama alishuka bondeni na mimi. Alisimama mbali kidogo na msumeno.

"Mti huu umekaa juu ya maji," alimwambia baba. Nyumbani tulizungumza Kikakwa, na mama hakutumia lugha nyingine kwa mumewe.

"Maji yanatoka chini ya ardhi," baba akajibu. "Hayatoki kwenye mti."

"Mama yangu aliniambia mti wa kwenye maji haukatwi."

"Mama yako alikuwa na bani?"

Watu wa msumeno wakacheka. Mama akajaza jerikeni yake akapanda nayo. Nilitaka kusema neno, maana shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za misitu na mvua, lakini karo yangu ya muhula uliofuata ilikuwa imelala pale chini ikipasuliwa mbao. Nikamfuata mama.

Mwelekezaji naye hakuwa mjinga. Aliona vilima vinavyobaki uchi, akaleta miche ya mikalitusi, kila mkulima apande kiasi chake ili baadaye awe na kuni zake mwenyewe. Wengi waliipanda kwenye mawe ikafa. Baba hakutaka miche yake ife. Alitafuta mahali pasipohitaji kumwagilia, na mahali pekee pa namna hiyo ni kuzunguka chemchemi, pale mivule ilipokuwa imesimama. Aliipanda kwa kamba, mistari iliyonyooka, hatua mbili kati ya mche na mche. Ikaota kwa namna ambayo sijawahi kuona mti ukiota. Miaka miwili tu, ikapita kimo cha nyumba. Watu walikuja kuitazama, na mwelekezaji alileta wakulima wengine waone mfano.

"Mlisema nimekata," baba alituambia. "Sasa semeni nimepanda."

Na kwa kweli alikuwa amepanda. Hata mama alikiri kwamba kivuli chake kizuri. Hatukujua kwamba mti unaokua kwa kasi ile unakunywa kwa kasi ile.

Chemchemi haikukauka siku moja. Mwanzoni ni kwamba ilibidi kuchota kwa kibuyu badala ya kuzamisha jerikeni. Halafu ikawa unachota, unangoja, unachota. Mama alikwenda asubuhi zaidi ili awatangulie majirani, na majirani nao wakaenda asubuhi zaidi ili wamtangulie. Mwaka nilioingia chuo cha ualimu, kiangazi kilipokuwa kikali, mizizi ya mkuyu ilibaki imening'inia juu ya tope lililopasuka. Mkuyu wenyewe baba hakuukata. Kuni zake hazifai. Lakini ulikuwa umepukutisha majani upande mmoja.

Nilikuta hali hiyo niliporudi likizo. Nilikuta pia mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka mitano aliyezaliwa baada ya kurudi kwetu, amelala mkekani macho yameingia ndani. Alikuwa akihara damu. Walikuwa wanachota kwenye bwawa wanakonyweshwa ng'ombe, na mama alichemsha maji ya kunywa, lakini mtoto wa miaka mitano hunywa popote anapoona maji. Tulimpeleka zahanati Koboko, mama amembeba mgongoni, mimi nimeshika mwavuli. Mganga alimtundikia dripu. Tulikaa siku nne sakafuni kando ya kitanda chake. Siku ya nne mtoto aliomba muwa. Tukajua atapona.

Tulirudi nyumbani adhuhuri. Baba alikuwa ametoka banini, uso na mikono myeusi kwa masizi. Alifurahi kumwona mtoto. Alimpokea, akambusu kichwani, akamlaza. Kisha akavua shati akaketi kwenye kigoda, akasema kwa Kiswahili, maana amri zake zote zilikuwa za Kiswahili cha kambini:

"Mama watoto! Leta maji ya kuoga."

Mama alikuwa anafungua mzigo. Alinyoosha mgongo. Miaka yote niliyokuwa hai sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili ndani ya nyumba ile, ila siku hiyo alikisema.

"Maji hakuna."

"Maji hakuna? Jerikeni iko wapi?"

"Jerikeni iko. Maji hakuna. Wewe kukata miti, wewe kwenda kuchota."

Baba alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Akajaribu kucheka.

"Hata maji ya udhu?"

Mama alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kuswali, na swali lile lilikuwa la haki.

"Maji ya udhu mimi nitakupa, birika moja. Mimi hapana taka dhambi. Maji ya kuoga, maji ya chai, maji ya kunywa, wewe mwenyewe."

Akarudi kwenye mzigo wake. Alitimiza neno lake. Jioni ile birika la udhu liliwekwa kando ya mkeka wa baba, limejaa, na hapakuwa na kitu kingine. Chakula chake alikipata bila maji ya kunawa. Chai hakupata. Mama alichota maji ya kututosha sisi na mgonjwa, basi, na akakaa juu ya jerikeni akiimenya mihogo.

Baba alivumilia hadi kesho yake mchana. Halafu akafunga jerikeni mbili kwenye baiskeli akaniambia nifuatane naye, niisukume kwenye kilima. Hakutaka kwenda bwawani, baada ya yale yaliyompata mtoto. Kulikuwa na pampu ya mkono iliyowekwa na watu wa misaada karibu na kambi ya wakimbizi, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Wakati ule vita vya Sudan vilikuwa vimeleta watu wengi Koboko, walijenga vibanda vya nyasi na maturubai pande zote za barabara. Sisi wenyeji tulizoea kusema kwamba wao ndio wamemaliza miti. Tulisema hivyo sokoni, tulisema hivyo mazishini, na sikumbuki nikimsikia mtu akipinga.

Kwenye pampu kulikuwa na mstari mrefu wa vyombo: jerikeni, ndoo, mabeseni, na jiwe la kushika nafasi ya aliyekwenda kupumzika. Baba aliupita mstari wote akaweka jerikeni yake mbele. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke aliyekuwa akipampu aliacha mpini. Alikuwa mrefu, kitambaa cha kijani kichwani, na alipofungua mdomo nikashangaa, kwa sababu alikuwa Mkakwa wa upande wa Yei, huko Sudan. Lugha yake ni yetu.

"Mzee, wa mwisho ni mwenye ndoo nyekundu. Ukae nyuma yake."

"Mimi ni mtu wa hapa," baba akasema.

"Tunajua. Na mwenye ndoo nyekundu naye ni wa hapa. Yuko nyuma."

"Mimi nilikuwa sajenti."

"Marehemu mume wangu alikuwa luteni," alisema. "Hata yeye angekaa nyuma."

Baba alikasirika. Nilimjua, mshipa wa shingo ulikuwa umesimama. "Ninyi mmemaliza miti yetu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "na sasa mnataka kumaliza na maji."

Mwanamke hakupandisha sauti. Aliifuta mikono kwenye kanga.

"Tulipofika hapa, mzee, siku ya kwanza nilitoka na watoto kutafuta kuni. Tulizunguka tangu asubuhi. Unajua tulirudi na nini? Mabua ya tumbaku. Umewahi kupikia mabua ya tumbaku? Ugali wote unanuka kiko."

Wanawake walicheka, wenyeji kwa wageni. Mmoja, jirani yetu wa mbali, akaongeza kutoka katikati ya mstari: "Mwulize yale mabani mawili yanayoonekana kutoka barabarani ni ya nani."

Kila mtu alijua ni ya nani. Baba alichukua jerikeni yake. Nilidhani atageuza baiskeli turudi, lakini aliisukuma hadi nyuma ya ndoo nyekundu, akaisimamisha, akachuchumaa kwenye jua. Tulikaa pale hadi karibu alasiri. Ilipofika zamu yetu alikuta mpini mgumu, maana pampu ina mwendo wake na yeye aliivuta kama anayepiga jeki. Yule mwanamke alikuwa bado yupo, amerudi kwa mzunguko wa pili. Alimshikia jerikeni isianguke.

"Mlikaa wapi mlipokimbia?" akamwuliza.

"Kongo. Miaka sita."

"Na maji mlichota wapi?"

"Mtoni. Wanawake ndio waliochota," baba akasema, kisha akaendelea kupampu.

Alikwenda kwenye pampu siku kumi na moja. Wanaume wa msikitini walimtania njia nzima. Walimwita dereva wa jerikeni. Lakini nyumbani alianza kutugombeza tukiosha sahani kwa maji mengi. Alituonyesha jinsi ya kunawa mikono kwa kikombe kimoja watu watatu. Alichukua maji aliyoogea akayamwagia miche ya pilipili. Siku moja alimkemea mama kwa kumwaga maji yaliyobaki kwenye chungu, na mama akageuza uso ukutani ili asimwone anavyocheka. Birika la udhu liliendelea kuwekwa mahali pake mara tano kwa siku.

Siku ya kumi na mbili hakwenda kwenye pampu. Alishuka bondeni na shoka. Mstarini wanawake walikuwa wamemwambia jinsi mkalitusi unavyokunywa maji. Tulimsikia akikata tangu asubuhi, na nilipompelekea chakula nikakuta mikalitusi mitano imelala, ile iliyokuwa karibu kabisa na mkuyu.

"Imekomaa," aliniambia bila kunitazama. "Ni wakati wa kuvuna."

Alivuna yote kwa wiki mbili. Hakusema alikosea, na hakuna aliyemwomba aseme. Mama alimtengea beseni la maji ya kuoga jioni ya siku ya kwanza, nyuma ya nyumba, pamoja na sabuni. Baba aliliona, akaoga, mambo yakaisha hivyo.

Ila mikalitusi haikuisha. Mkalitusi ukikatwa unachipua. Mvua za kwanza ziliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi sita, saba, yenye nguvu kuliko mti wa mwanzo. Baba aliyafyeka. Yakatoka tena. Aliwasha moto juu ya visiki, akavifunika kwa samadi, akavitia chumvi, akachimba mizizi kwa sururu. Alivichukia kama mtu anavyomchukia adui aliyemkaribisha mwenyewe. Kila likizo nilimkuta bondeni na panga, na nikimwuliza anafanya nini alisema anakagua mstari. Ilimchukua miaka minne au mitano, na hata baada ya hapo mara moja moja jani jembamba la kijivu lilichomoza mahali asipotarajia.

Tumbaku aliiacha baadaye kidogo, bila uamuzi wowote mkubwa. Mwaka mmoja aliikausha kwa kuni zilizovushwa kutoka Kongo, na majani hayakulipa kuni. Mwaka uliofuata hakusia mbegu. Mabani yakapigwa na mvua, kuta zikafunguka, na mbuzi wakayageuza kuwa mahali pa kulala.

Chemchemi ilirudi, lakini si ile. Kiangazi kilichofuata palikuwa na unyevu, halafu kidimbwi cha kiasi cha beseni. Kujaza jerikeni moja kulichukua muda wa kumenya bakuli la karanga, na wanawake kweli walikwenda na karanga zao. Kwa majirani kumi ilikuwa haitoshi. Kwa mama ilimpunguzia safari ya bwawani.

Mimi nikaanza kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya Koboko. Huko nikawa na bani langu. Shule ilipika uji, na sheria ilikuwa kila mtoto aje na kijiti cha kuni. Nilisimama mlangoni asubuhi nikivihesabu, na asiyekuwa nacho nilimrudisha. Nilifanya hivyo mwaka mzima bila kuona kitu. Kisha asubuhi moja msichana wa darasa la tatu akaniletea kijiti kilichochongwa vizuri, laini, chenye tundu upande mmoja. Nilikigeuzageuza mkononi.

"Umekitoa wapi?"

"Ni mguu wa kitanda, mwalimu."

"Cha nani?"

"Cha bibi. Amesema atalala chini, mimi nije shule."

Nilimwambia akirudishe. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia sheria ile siwezi kuisimamia tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema.

"Na uji utaiva kwa kuni zipi, mwalimu?" akauliza.

Tulipunguza uji ukawa mara mbili kwa wiki. Watoto walisinzia siku zile nyingine tatu.

Miaka michache baadaye mvua kubwa zilinyesha mfululizo. Mteremko wetu haukuwa na mti wa kushika chochote, na udongo mwekundu ukashuka wote kwa pamoja. Ulifunika bonde, ukafunika kidimbwi, ukalala juu yake kimo cha mtu mzima. Kulipokauka tulikwenda na majembe: baba, mama, mimi, majirani wa upande wetu, na wanawake kadhaa wa Yei waliokuwa wamebaki baada ya wenzao kuhamishiwa makambi ya mbali. Yule mwenye kitambaa cha kijani hakuwemo. Tulichimba siku tatu. Tulikuta udongo, chini yake udongo, chini yake mawe makavu.

Siku ya nne mama alishuka chini zaidi ya bonde, akaita. Maji yalikuwa yanatoka, kidogo lakini safi, ndani ya shamba la magimbi la jirani yetu mmoja, mzee aliyefiwa na mke, mgumu wa maneno, ambaye hakuwa amekuja kuchimba. Magimbi yale ndiyo chakula chake na biashara yake. Tulisimama kwenye ukingo wa shamba, hakuna aliyetia mguu. Baba akaenda kumwita.

Mzee alikuja akayatazama maji. Aliyatazama kwa muda, akaonja.

"Mlikata huko juu," akasema, "yakanijia mimi."

"Ni kweli," baba akasema. Nilimtazama baba, maana sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo mbele ya watu.

"Wangapi watakuja hapa kila siku?"

"Nyumba kumi. Labda zaidi."

"Mtakanyaga magimbi yote."

"Tutaling'oa lile tuta la kati tu," mama akasema, "tutalihamishia pale juu ya maji, tukupandie sisi. Na juu ya hapo hapalimwi, hapakatwi kitu. Hata na sisi."

Mzee aliinama akang'oa gimbi moja kwa mkono wake, akalikung'uta tope, akaliweka kando.

"Mbuzi wasije," akasema. "Na njia ipite huku upande wa uzio, si katikati."

Tukaanza kuyang'oa magimbi pamoja naye, tukianzia upande wa uzio.